Kupogoa, Kukata au Kukonyoa? Uhakiki wa Istilahi za Kuondoa Maua

Utangulizi

Istilahi njema ina kazi tatu. Kwanza, hukitaja kitu au tendo. Pili, hulitenga tendo hilo na matendo mengine yanayofanana nalo. Tatu, nayo ndiyo kazi inayosahauliwa mara nyingi na sisi tukaao mezani na kamusi, huongoza mkono wa mtendaji. Fundi akiambiwa "randa" hachukui msumeno, na mpishi akiambiwa "kaanga" hatii maji. Neno lenyewe limekwisha mpa chombo na namna ya kukitumia. Neno lisilofanya kazi hiyo ya tatu laweza kuwa zuri masikioni, nalo likampotosha aliyeliamini.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu dogo la maneno kwa kipimo hicho, yaani maneno yatumikayo kwa tendo la kuliondoa ua kwenye mmea ili mmea utoe maua mengine, au ukuze zao lake, au uepukane na maradhi. Uwanja wa uhakiki wetu ni wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Tumezichagua kwa sababu huko tendo hili hufanyika katika bustani za maua za shule, misheni, zahanati na maboma, na pia katika migomba inayowalisha watu. Kosa la neno bustanini hupoteza ua moja la waridi. Kosa lilo hilo migombani laweza kupoteza shamba zima.

Tendo lenyewe

Hapana budi tulieleze tendo kabla ya kulitafutia jina, kwani istilahi nyingi mbovu zilizaliwa kwa kutafsiri jina la kigeni bila kulitazama jambo lenyewe.

Mmea hautoi maua ili kutupendeza sisi. Huyatoa ili upate mbegu. Ua likichanua na kupata chavua, petali zake hufifia, husinyaa, kisha hupukutika, na ovari huanza kukua iwe tunda lenye mbegu. Tangu hapo chakula kingi kinachotengenezwa na majani huelekea kwenye mbegu, na mbegu changa zenyewe hutoa homoni ambazo katika mimea mingi huzuia machipukizi ya maua mapya. Mmea wa msimu mmoja, kama vile zinia au marigoldi, ukishajaza mbegu za kutosha huhesabu kwamba kazi yake imekwisha, nao hukauka. Mtunza bustani akiliondoa ua mara linapoanza kusinyaa, kabla ya mbegu kukomaa, mmea hujikuta haujatimiza kazi yake. Hurudi kutoa maua tena, na bustani ambayo ingechakaa kwa wiki chache huendelea kupendeza muda mrefu.

Tendo hili lina masharti mawili, na yote mawili yanaihusu istilahi. Sharti la kwanza ni la wakati: ua liondolewe likiwa limepita ubora wake lakini halijakauka. Sharti la pili ni la mahali: lisikwanyuliwe petali tupu na kuachwa ovari, bali likatike chini yake, pamoja na kikonyo. Kwa mwaridi, mahali panapofaa ni juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, maana hapo ndipo chipukizi lenye nguvu litakapotokea. Anayevuta petali tu husafisha sura ya ua na kuiacha mbegu ikiendelea kukua, na mmea haudanganyiki.

Si kila ua huhitaji kutendewa hivyo. Bugenvilia, kwa mfano, rangi yake si ya ua bali ni ya majani yaliyobadilika kulizunguka ua dogo jeupe, na mti huo huchanua bila kuhudumiwa kwa namna hii. Aidha, yako maua tunayotaka mbegu zake kwa msimu ujao. Hayo huachwa machache makusudi. Basi istilahi tuitafutayo si ya kusafisha bustani kwa jumla. Ni ya tendo mahsusi, lenye wakati wake na mahali pake.

Maneno yanayoshindana

Maneno yanayotumika zaidi katika maelekezo ya kilimo na bustani ni matatu: kuondoa, kukata na kupogoa. Tuyatazame moja moja.

"Kuondoa" halina kosa, wala halina faida. Huondolewa magugu, huondolewa mawe, huondolewa taka, na hata mtu huondolewa katika cheo. Neno hili hutaja matokeo na kunyamaza juu ya njia. Laweza kutumika katika sentensi ya maelezo, lakini haliwezi kuwa istilahi, kwa sababu halitengi.

"Kukata" lina ubora kidogo, kwani linasema kwamba ua litengane na mmea. Lakini neno hili huja na chombo chake. Mtu akiambiwa "kata", mkono wake hutafuta kisu, panga au mkasi. Kwa mwaridi wenye kikonyo kigumu hapana madhara. Kwa mimea mingine, kama tutakavyoonyesha, madhara yapo, tena ni makubwa.

"Kupogoa" ndilo neno linalopendwa zaidi na wataalamu, nasi twaona ndilo linalostahili kulaumiwa zaidi. Kamusi zetu huliweka neno hili kwenye matawi: kupogoa ni kukata matawi ya mti ili mti upate umbo, mwanga au nguvu. Mkulima wa kahawa wa Kagera analijua vizuri, maana mibuni hupogolewa kila mwaka na maotea yake kuondolewa. Kwake yeye neno hili lina maana imara: chombo chenye makali, tawi lililochoka, na kazi ya mara moja baada ya mavuno. Ukimwambia apogoe maua, umelitwaa neno lililokuwa timamu katika uwanja wake na kulitia uwanja wa pili ambako halina miguu. Matokeo yake ni mawili. Ama atakata matawi pamoja na maua, na kumaliza matumba yote ambayo hayajafunguka, ama ataona jambo hilo si lake, kwa kuwa halifanani na kupogoa anakokujua.

Watetezi wa neno hili husema kwamba istilahi huweza kupanuliwa maana. Ni kweli. "Kombora", "bunge" na "nauli" yote yamepata maana mpya au pana kuliko zile za awali. Lakini upanuzi wa maana hufaa pale ambapo maana ya zamani na ile mpya hazigombani katika uwanja mmoja. Mkulima yule yule, katika wiki ile ile, ana mibuni ya kupogoa na maua ya kuondoa. Kumpa neno moja kwa kazi mbili zenye vyombo viwili ni kumtwisha yeye kazi ya kufikiri ambayo ilikuwa yetu.

Zaidi ya hayo matatu, lugha ina maneno mengine ambayo hayajapewa nafasi. "Kuchuma" ni kuchukua ua au tunda kwa kulihitaji. Wanawake wa pwani huchuma asumini jioni, zingali matumba, ili wazitunge. Wakulima wa Unguja na Pemba huchuma karafuu, ambazo nazo ni matumba ya maua yasiyofunguka. Neno hili ni zuri mno, lakini ndani yake mna faida ya kile kilichochumwa. Hatuchumi kitu ili tukitupe. "Kuangua" ni kukiangusha kilicho juu, kama nazi au embe, aghalabu kwa upembo au kwa kupanda. "Kukwanyua" ni kulirarua tawi au jani hata likaondoka na ganda la shina, na kidonda chake ni kibaya. "Kunyofoa" ni kumega kipande.

Lipo hatimaye neno "kukonyoa". Hili ni kulivunja jambo pale linaposhikana na shina lake, kwa mkono, kwa kulipinda au kulizungusha, kama mtu anavyokonyoa hindi kwenye bua. Laonekana kuwa la shina moja na "kikonyo", lile jina la kijiti kinacholishika ua, tunda au karafuu. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna mahali pa kutendea, yaani kikonyo, na namna ya kutenda, yaani kuvunja na si kuchanja. Masharti ambayo tumeyataja hapo juu, neno hili linalichukua moja kwa ukamilifu, na kuliachia la wakati lielezwe na jina litakalofuata.

Jina la ua lililopita ubora wake

Basi ni ua gani linalokonyolewa? Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno ilipofanya uharibifu. Waingereza huliita tendo hili kwa neno lililounganisha kifo na kichwa. Kwao limezoeleka na halisikiki vibaya. Mfasiri akilifuata atapata "kukata vichwa vilivyokufa", na msomaji wa Kiswahili atadhani anasoma habari za vita. Katika lugha yetu kabichi lina kichwa, na treni ina kichwa, lakini waridi halina. Waridi lina ua, na chini ya ua kuna kikonyo.

"Maua mafu" ni nafuu ya tafsiri hiyo, lakini bado si kweli. Ua linalotakiwa kuondolewa halijafa. Lingekuwa limekufa tusingekuwa na haja ya kulishughulikia. Taabu yake ni kwamba liko hai mno ndani, likijenga mbegu, ingawa nje limefifia.

"Maua makavu" ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu humwambia mtunza bustani asubiri. Ua likishakuwa kavu mbegu zimekomaa na mmea umekwisha pumzika. Mwanafunzi aliyefundishwa kuondoa maua makavu katika bustani ya shule atafanya kazi kwa bidii kila Ijumaa, asione ua jipya, kisha aamini kwamba elimu hiyo ni porojo. Hapo kosa si la mwanafunzi wala la mwalimu. Kosa ni la kivumishi.

"Maua machakavu" hutuletea picha ya nguo na viatu. "Maua yaliyofifia" na "maua yaliyosinyaa" ni maelezo sahihi, hasa la pili, ambalo laeleza hasa sura ya petali katika siku zile mbili tatu zinazofaa. Dosari yake ni urefu tu: ni kishazi, si jina. Sisi twapendekeza "maua makongwe" liwe jina la istilahi, na "yaliyosinyaa" liwe neno la kulifafanulia. Mkulima hushangazwi na "kongwe", kwani anazo habari za mibuni mikongwe, yaani ile iliyopita ubora wake wa kuzaa ingawa ingali imesimama na hai. Ndiyo maana tuitakayo: uzee wenye uhai, usio kifo wala ukavu.

Tendo zima basi lingeitwa "kukonyoa maua makongwe", na jina lake la jumla "ukonyoaji wa maua".

Neno hilo hilo migombani

Hadi hapa mtu angeweza kusema kwamba tumeshughulikia mambo ya anasa. Wenye haja ya waridi ni wachache. Wenye haja ya ndizi ni wilaya nzima. Ndiyo sababu tumeitaja Kagera.

Mwaka 1968 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa bakteria uliokuwa ukiunyausha mmea wa ensete nchini Ethiopia. Mwaka 2001 ugonjwa huo ulionekana katika migomba ya Uganda, na mwaka 2006 ukathibitishwa Tanzania, katika mkoa wa Kagera. Majani ya mgomba ulioambukizwa hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpango, nyama yake huharibika ndani, na shina likikatwa hutoa majimaji mazito ya rangi ya manjano. Mgomba ulioshikwa haupati dawa ya kuuponya.

Moja ya njia kubwa za maambukizo ni ua. Mkungu ukishatoa chane zake zote, ncha yake huendelea kuning'inia ikiwa na tumba la rangi ya zambarau. Kila vifuniko vya tumba hilo na maua yaliyo chini yake vinapodondoka, huacha makovu mabichi. Nyuki, nzi na wadudu wengine huja kutafuta utamu wa maua hayo, na wakiwa wametoka kwenye mgomba mgonjwa huviacha vijidudu katika makovu hayo. Zipo aina za migomba, kama ile ya Kayinja ijulikanayo sana Uganda kwa ndizi zake za pombe, ambazo huambukizwa kwa njia hii kwa wepesi sana. Kwa hiyo wakulima hushauriwa waliondoe tumba hilo mara tu baada ya chane ya mwisho kujitokeza. Mkungu wenyewe nao haupotezi kitu, maana tumba hilo halizai ndizi tena.

Njia kubwa ya pili ni chombo cha chuma. Panga lililokata mgomba mgonjwa likienda kukata mgomba mzima hupeleka ugonjwa moja kwa moja, isipokuwa limepitishwa kwenye moto au kusafishwa kwa jiki. Ndiyo sababu ushauri wa wataalamu una sehemu ya pili isiyotengana na ya kwanza: tumba lisikatwe kwa panga wala kisu, bali livunjwe kwa kijiti chenye panda. Panda ya kijiti hukishika kikonyo cha tumba, kijiti huzungushwa, na kikonyo hukatika chenyewe bila chuma kukigusa.

Sasa tulirudie neno. Mkulima wa Nyakahura au wa Rulenge akielezwa "kata ua dume", sikio lake limepokea sehemu moja ya ushauri na mkono wake umepokea kinyume cha sehemu ya pili. Akielezwa "pogoa ua dume", ni vile vile, au zaidi, kwani kwake kupogoa hakuna bila makali. Afisa ugani atasema baadaye kwamba alieleza habari za kijiti cha panda. Huenda alieleza. Lakini maelezo husemwa mara moja mkutanoni, ilhali neno hurudiwa kila siku shambani, kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na kwa jirani ambaye hakuhudhuria mkutano. Jirani huyo hapati maelezo. Hupata kitenzi tu. Kitenzi kikiwa "kata" atakwenda na panga, atapita mgomba kwa mgomba akitii ushauri wa serikali, na nyuma yake ataacha ugonjwa aliotaka kuuzuia.

Akielezwa "konyoa", hata kama hakusikia neno lingine lolote, mkono wake hautatafuta panga. Hilo ndilo jambo tulilokusudia tuliposema kwamba istilahi huongoza mkono.

Majina mawili mengine yahusuyo jambo hili yanastahili kuhakikiwa. La kwanza ni "ua dume". Jina hili limeenea, na lina ukweli, kwani maua yaliyomo katika ncha hiyo ni ya kiume. Lakini si ua moja: ni safu nyingi za maua, kila safu chini ya kifuniko chake. Mkulima aliyezoea kuona maua madogo meupe chini ya kifuniko aweza kudhani kwamba yale ndiyo anayotakiwa kuyatoa, na kuliacha tumba. "Tumba dume" lingekuwa sahihi zaidi, nalo halihitaji neno geni hata moja.

La pili ni "unyanjano", jina ambalo limetumika Kagera kwa ugonjwa wenyewe. Kwa kipimo cha uundaji ni jina zuri: limeundwa kwa njia za lugha yetu, ni fupi, na limekubaliwa na watu bila kulazimishwa. Kwa kipimo cha kutenga, lakini, lina walakini. Umanjano wa majani huletwa pia na ule mnyauko wa Panama, ambao ni wa kuvu na si wa bakteria, na hata ukame na udongo uliochoka huugeuza mgomba kuwa wa manjano. Anayeita kila umanjano unyanjano ataweza kung'oa migomba iliyohitaji samadi tu, au kuacha ule unaohitaji kung'olewa. Hatupendekezi jina hili litupwe, maana jina lililokubaliwa na wenye shida ni mali. Twapendekeza lifungwe kwa maana moja, na katika maandishi ya mafunzo litanguliwe daima na maelezo "mnyauko wa bakteria", pamoja na dalili ile isiyoshirikiwa, yaani majimaji ya manjano yatokayo kwenye shina lililokatwa.

Asili ya upungufu

Ni haki kuuliza kwa nini lugha tajiri kama hii ikose jina la tendo la kila siku la watu wengi hivyo. Jibu liko katika historia ya usanifishaji. Kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili iliijenga lugha sanifu juu ya lahaja ya Unguja, na kamusi zilizofuata, zile za Johnson za miaka ya 1930, zilikusanya kwa bidii maneno ya watu wa pwani. Watu hao walikuwa na minazi na mikarafuu. Ndiyo maana nazi ina jina kwa kila umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, hata iwe nazi. Ndiyo maana pia kikonyo cha karafuu kina jina, na kuzitenga karafuu na vikonyo vyake kuna kitenzi chake, "kuchambua".

Ndizi zilikuwako pwani pia, na maneno "mkungu" na "chane" ni ushahidi. Lakini hazikuwa nguzo ya maisha kama zilivyo magharibi ya Ziwa Viktoria. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya mwaka 2015 ziliongeza mengi katika elimu na siasa, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 iliipa sayansi ya shule chombo chake. Lakini kati ya darasa la biolojia na shamba la migomba pamebaki pengo. Tuna istilahi ya uchavushaji, hatuna istilahi ya hatua za tumba la mgomba tangu linapochomoza hadi chane ya mwisho, ingawa kila mkulima wa Ngara anaziona kwa macho yake na, bila shaka, anazo namna za kuzitaja katika lugha ya nyumbani kwake.

Hilo latufikisha kwenye wajibu. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu liundwe kwa sheria mwaka 1967, limefuata kanuni ya kwamba pasipo neno katika Kiswahili na lahaja zake, tutazame kwanza lugha nyingine za Kibantu kabla ya kukimbilia lugha za mbali. Kanuni hiyo ni njema, lakini imetumiwa kwa uchache. Wahangaza na Washubi wa Ngara, Wasubi na Wazinza wa Biharamulo, ni watu wa migomba kwa vizazi vingi. Maneno yao ya kilimo hiki hayajakusanywa kwa utaratibu kwa ajili ya istilahi za taifa, na wazee wanaoyajua hawatatungoja.

Pingamizi

Twatarajia pingamizi tatu. Ya kwanza yasema kwamba "kukonyoa" ni neno la mahindi na haliwezi kuhamishwa. Tumekwisha lilaumu neno "kupogoa" kwa kuhamishwa. Je, si upendeleo? Hapana. Hindi hukonyolewa kwa mkono, kwenye kikonyo chake, na ua vile vile. Kinachohama ni kitu kinachotendewa, si tendo. Kwa "kupogoa" kinachobadilika ni tendo lenyewe.

Ya pili yasema kwamba kikonyo cha mwaridi ni kigumu na kina miiba, hakivunjiki kwa mkono. Ni kweli. Hapo tutasema "kukonyoa kwa mkasi", kama vile tunavyosema "kula kwa kijiko". Neno likiwa peke yake humaanisha mkono; chombo kikihitajika kitatajwa. Kwa "kukata" mambo ni kinyume: chombo kimo ndani, na asiyekitaka hana budi kueleza kwa maneno mengi kwamba hakitaki.

Ya tatu ndiyo nzito. Yasema kwamba watu wamekwisha zoea "kukata ua dume", na kubadili neno katikati ya vita na ugonjwa ni kuwachanganya. Twakiri uzito wake. Lakini ushauri wenyewe hubadilika na kurudiwa kila msimu, na vizazi vipya vya maafisa ugani huingia kazini kila mwaka. Neno jipya likiingia pamoja na kijiti cha panda mkononi mwa anayefundisha, halitahitaji kuelezwa mara mbili.

Hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe na Baraza pamoja na wataalamu wa kilimo, hasa wale wa kituo cha utafiti cha Maruku karibu na Bukoba, ambacho kimekuwa kikishughulika na migomba.

Kwanza, "kupogoa" libaki kwenye matawi, lisitumike kwa maua. Pili, "kukonyoa" liwe kitenzi cha istilahi kwa kuliondoa ua pamoja na kikonyo chake, bustanini na migombani. Tatu, "maua makongwe" liwe jina la maua yaliyosinyaa kabla ya kukomaza mbegu, na "maua makavu" liachwe katika mafunzo ya bustani. Nne, "tumba dume" lishike nafasi ya "ua dume". Tano, "unyanjano" lifungwe kwa mnyauko wa bakteria peke yake. Sita, ukusanyaji wa maneno ya migomba uanze katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ukiwashirikisha walimu wa shule za msingi, ambao wako karibu na wazee kuliko sisi.

Wasomaji watakaoona kwamba maneno haya yana kasoro, au walio na maneno bora zaidi kutoka vijijini mwao, waandike. Twaomba hasa walioko Ngara na Biharamulo watuambie kama "kukonyoa" linasikika huko jinsi tulivyolieleza. Likiwa limechukua maana nyingine mahali hapo, basi hoja yetu ya mkono itakuwa imekutana na mkono tofauti, nasi itatubidi tutafute neno lingine kabla ya masika.